Mlango Uliokwenda Kusaidia

Pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya zahanati palikuwa na benchi moja refu, zito, la mbao nyekundu: mbao mbili za kukalia, moja pana ya kuegemea. Lilikuwa hapo tangu enzi ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzikumbuka. Juu yake walikaa watu wanne waliokuwa wakiendesha dunia. Mchana ule mawingu yalikuwa yameshuka chini kabisa, hayanyeshi wala hayaondoki, kama ofisa anayelitafakari faili lako. Na mvuke wa birika la Shangazi, muuza kahawa, ulipanda ukajiunga nayo, hata usingeweza kusema kahawa inakomea wapi na mbingu inaanzia wapi. Katika hali kama hiyo uongo hausikiki kuwa uongo. Unasikika kama taarifa ya habari.

Kijiwe kilikuwa na katiba ya kifungu kimoja. Kulikuwa na kikombe kimoja kilichovunjika mkono, nacho ndicho kilichotoa ruhusa ya kusema. Anayekishika anasema, na ni marufuku kumwita mtu mwongo kabla hajameza. Ziko nchi zenye katiba nene kuliko tofali na hazina hata robo ya amani iliyokuwa pale.

Fundi, seremala, hakuwa mtu wa kukililia kikombe. Yeye alikuja kukaa, kupitisha kidole gumba kwenye mbao bila kujijua, na kusikiliza. Lakini mchana ule alikichukua mwenyewe, bila kupokezwa.

— Binti yangu ametimiza miezi, alisema. Ni wiki hii.

— Mungu amfungue salama, alisema Shangazi kutoka kwenye kigoda chake, akipepea jiko.

— Amina. Lakini mlango hakuna. Na yeye amesema bila mlango haendi.

Hakuna aliyeuliza mlango gani. Mtaa mzima uliujua.

Mwaka uliopita nchi rafiki ilipatwa na mafuriko, na Mheshimiwa akatangaza kwamba tutasimama nayo bega kwa bega, kwa sababu rafiki hahesabu. Kweli hakuhesabu yeye, tulihesabu sisi. Makato ya mshikamano yaliingia kwenye sukari, kwenye mafuta ya taa, kwenye mbao, mpaka ukipiga chafya ulijipapasa mfukoni. Halafu likaja lori zahanati kuchukua vifaa vya wodi ya wazazi. Amri ilikuwa fupi: kila chenye namba kiende. Basi kikaenda kitanda, ikaenda taa, ikaenda mizani ya watoto. Na mlango nao ukaenda. Maana Fundi alikuwa ameutengeneza mlango ule kwa namna ambayo siku unafungwa bawaba, karani aliyekuwa akipita na brashi ya rangi nyeupe alisimama, akaupenda, akaona aibu kitu kizuri vile kikae bila namba. Akaipaka.

— Bwana mkubwa, huu ni mlango, Fundi alimwambia msimamizi wa lori.

— Nyumba njema si mlango, mzee, yule akajibu, akaubeba.

Tangu hapo chumba cha kuzalia kilikuwa na shuka. Upepo ukija, shuka lilinyanyuka. Na mkabala wake ndipo lilipo benchi la foleni ya wagonjwa. Hapo zamani, kabla ya mlango, mke wa Fundi alimzaa huyu huyu binti mle mle, akarudi nyumbani akasema neno moja tu: "Watu wote wa foleni sasa wananijua." Fundi hakulisahau. Mlango ule ulikuwa jibu lake kwa neno hilo, na lilimchukua miaka kulipata.

— Atazalia chumbani kwake, alisema Fundi. Hivyo ndivyo anavyosema. Na nesi ameshatuonya, huyu asithubutu kuzalia nyumbani. Uzazi wa kwanza alivuja damu nusura tumkose.

— Si utengeneze mwingine? aliuliza Shangazi.

— Kwa mbao zipi, Shangazi? Karakana yangu ina vumbi la mbao, mbao hakuna. Nimekwenda ofisini. Wameniambia chumba kile kilishapewa mlango.

Akameza. Kahawa ilishuka kwa sauti. Kila mtu alitazama mbele, mahali ambapo kwa kawaida palionekana soko na sasa palionekana weupe mtupu.

— Lete kikombe, alisema Redio. Mlango wako najua uliko.

Redio alikuwa kinyozi, na jina alilipata kwa kuwa hana kitufe cha kuzima. Aliweza kukunyoa upande mmoja wa kichwa, akakuacha uende nao nyumbani ilimradi habari haijaisha.

— Uko wapi?

— Ikulu ya kule.

— Acha wewe!

— Sijameza! Kifungu cha kwanza! Akakinyanyua kikombe juu ili waone bado kimejaa. Sikilizeni. Maji yalipokauka, rais wao alibaki na jumba halina mlango. Wakampitishia misaada yote mbele yake, ya mataifa, milango ya chuma, milango ya vioo inayojifungua yenyewe. Hakuna alioutaka. Ukapita mlango wa Fundi. Akaugonga hivi, ko, ko. Akainamisha kichwa. Akasema, hii ni mbao ya watu wenye huruma. Sasa hivi tunavyoongea mabalozi wanajifutia viatu mbele yake. Fundi, dunia nzima inaingilia kwako!

Na Fundi aliuona. Aliuona mlango wake katika ukumbi wa mawe meupe, na watu wenye tai wakishika kitasa alichokikaza kwa bisibisi yake yenye mpini uliofungwa kitambaa. Akajiuliza kama kuna mtu anayekumbuka kutia mafuta bawaba ya chini.

— Excuse me, alisema Digrii. Nipeni mimi, tuongee mambo ya maana.

Digrii alikuwa na shahada ya uchumi, na shati moja jeupe la usaili ambalo lilikuwa limekwenda kwenye usaili mwingi kuliko mawakili wanavyokwenda mahakamani. Aliishi kwa dada yake, kila asubuhi akitoka na bahasha kwapani kama watu wote, akija kukaa upande wa kulia wa benchi, mahali ambapo mbao ilikuwa imeshachukua umbo lake. Akiulizwa anafanya kazi wapi, alijibu: "Pale kona."

— Kwanza tuelewane. Ule mlango ni wangu pia.

— Wako? alisema Redio. Wewe huna hata kazi!

— Ndiyo maana mnaonewa, hamsomi! Nani amewadanganya kwamba kodi wanalipa wenye kazi tu? Nikinunua kiberiti, nimelipa. Nikiweka vocha niwapigie waliosema watanipigia, nimelipa. Kahawa hii nayo, nimelipa.

— Hiyo bado, alisema Shangazi.

Benchi lote lilitikisika kwa kicheko. Digrii alingoja kipite, kama mtu aliyesimama pembeni kulipisha gari la takataka.

— Nitailipa, na siku hiyo Mheshimiwa atapata lake. Sasa, the issue is not msaada. Mimi watu waliofurikiwa na maji nawahurumia. Ningeombwa, pengine ningetoa hata hii bahasha. Lakini niliombwa? Stempu, uliombwa? Fundi, kuna mtu alikuja kwako akasema, mzee wangu, kuna watu wako taabuni, tunaomba mlango wako? Mtu anakubebea mlango, anapigiwa makofi yeye, wewe unabaki na shuka! Kutoa ni moyo, sawa. Basi utoke moyo wako, usitoke mlango wangu!

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Stempu kwa upole, kutoka mwisho wa benchi.

— Cha jirani! Na kibaba chetu nani anakijaza? Halafu mnafikiri mlango umekwenda? Haujaenda. Msaada hauendi, unazunguka. It's basic. Rafiki anampa rafiki yake mwingine, ambaye ana benki. Benki inatukopesha sisi mlango, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha zahanati zetu hazina milango. Utarudi hapa siku moja umepakwa rangi mpya, tutaukatia utepe, tutaulipia miaka thelathini. Na riba yake mnaijua?

— Nini?

— Dirisha.

Bila kutaka, Fundi aligeuza shingo kuelekea zahanati, kana kwamba dirisha lingeweza kuonekana kwenye ukungu ule likiwa bado mahali pake.

Stempu alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa mstaafu wa posta, mtu mkavu, msafi, mwenye desturi ya kulamba kidole gumba kabla ya kushika chochote.

— Nyote mnasema mlango umefika, alisema. Miaka yangu yote posta nilijifunza jambo moja. Kitu kisicho na anuani hakifiki. Wala hakipotei. Kinasimama.

— Kinasimama wapi, mzee?

— Mpakani. Lori lilifika, wale walinzi wakauliza, mlango huu wa nani? Dereva akasema wa nchi rafiki. Wakasema, nchi haina mlango, nyumba ndiyo ina mlango, nyumba ipi? Hajui. Basi wakaushusha. Na mlango hauwezi kulazwa, unapinda. Wakausimamisha pale kwenye uwanda, fremu ya miti ya kuokoteza, hauna ukuta kulia, hauna ukuta kushoto. Nyasi tu.

— Na watu wanapita pembeni?

— Ungedhani. Lakini watu wana adabu. Mtu akiona mlango hupita mlangoni. Wanapanga foleni. Mwenye malezi mazuri anabisha hodi kwanza.

— Nani anaitika?

Stempu alitazama ndani ya kikombe.

— Hakuna. Ndiyo maana wengine wanasubiri mpaka leo.

Hii ndiyo iliyomwingia Fundi. Mawingu yalikuwa yamekaribia zaidi, yakilamba vichwa vyao, na alifumba macho akauona mlango wake ukiwa peke yake kwenye nyasi nyingi, ukifunguliwa na upepo, ukifungwa na upepo. Watu wenye mizigo kichwani wamesimama mbele yake kwa heshima. Hodi. Hodi hapa. Na yeye Fundi, kwa vile ndiye aliyeuchonga, alihisi ni wajibu wake kuitika, lakini kila alipofungua kinywa ulitoka mvuke.

— Mbao haisahau randa, alimsikia Shangazi akisema. Hakuwa na haja ya kikombe. Birika lilikuwa lake. Unarudi huo. Mimi nawaambia. Unatembea kwa pembe zake, pembe ya kulia, pembe ya kushoto, taratibu, unapumzika kwenye kuta za watu.

— Umeona wapi mlango ukitembea, Shangazi?

— Si uliondoka? Kinachoweza kuondoka kinaweza kurudi. Mume wangu ndiye aliyeshindwa, lakini yeye hakuwa mbao nzuri.

— Mimi nina la mwisho, alisema Redio, akikinyakua tena kikombe. La mwisho kabisa, na nikilisema msilipeleke mahali. Nchi rafiki haipo.

— Haipo kivipi?

— Haipo! Nani hapa amewahi kumwona mtu wake? Mmoja tu! Sio picha. Mtu.

Walitazamana. Kweli, hakuna aliyewahi.

— Si iko kwenye ramani, alisema Stempu.

— Ramani inachorwa na mtu. Mimi nikipewa kalamu ya rangi nitakuchorea nchi mbili kabla hujamaliza kunyolewa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, si ndivyo? Sasa nani ametufaa? Hakuna. Kwa hiyo rafiki hakuna. Kwa hiyo nchi hakuna. Kwa hiyo mafuriko hayakuwepo.

— That logic ina matundu, alisema Digrii.

— Matundu ndiyo yanayopitisha mwanga!

— Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alisema Stempu, akimpapasa Fundi goti. Limekuachia fremu.

Ndipo sauti ikatoka kwenye weupe.

— Hodi jamani.

Fundi alishtuka kama aliyeitwa kutoka usingizini. Aliyeita alikuwa mwanamke, tumbo mbele, mfuko begani, viatu vizito kwa tope. Ukungu ulimtoa kidogo kidogo, kwanza tumbo, kisha uso.

— Karibu, mama, walisema wote.

— Asanteni. Njia ya zahanati ni hii?

— Ni hii hii, panda tu na ukuta. Unatokea mbali? aliuliza Shangazi. Maana mwanamke huyu alizungumza kwa kuvuta mwisho wa maneno, kama mtu anayekaza fundo.

— Mume wangu ni dereva, amepanga chumba kule nyuma ya soko. Kwetu ni kule, alisema, na akaitaja nchi rafiki hivi hivi, kama unavyotaja mtaa wa pili.

Kahawa ilimtoka Redio puani.

— Ipo?

— Nini ipo?

— Nchi!

Mwanamke alifikiri kwa uaminifu.

— Ilikuwepo nilipoondoka.

Digrii alikuwa ameshasimama nusu, kidole juu, kama mbunge.

— Samahani, dada. Tulisikia mlipata mafuriko.

— Tulipata. Maji yalifika hapa, akagusa bega.

— Pole sana. Tukawaletea msaada.

— Tulisikia. Walitangaza redioni, wakatukusanya uwanjani, tukapiga makofi.

— Halafu mkapata nini?

— Tulipata kupiga makofi.

— Mlango hukuuona? Fundi alisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, ikitangulia. Mwekundu. Kitasa cha shaba, una namba nyeupe hapa juu.

Mwanamke alimtazama, na aliposema alisema kwa upole, kama anavyoambiwa mtu anayetafuta ndugu.

— Nchi ni kubwa, baba. Na milango ni mingi. Pengine upo mahali unafunika watu.

— Pengine, alisema Fundi.

— Sisi nasi tunakatwa huko, aliongeza. Kwenye chumvi, kwenye kila kitu. Wanasema kuna nchi nyingine inabidi tuisaidie. Sijui ipi.

Wanakijiwe hawakutazamana. Kila mmoja aliogopa kuona alichofikiri mwenzake. Mwanamke alibadilisha mfuko bega, akashika kiuno.

— Naombeni nipumzike kidogo kabla ya huo mlima. Benchi hili ni la nani, nimwombe?

Swali lilikuwa jepesi kama unyoya. Lilianguka katikati yao na hakuna aliyeliokota.

— La hapa, alisema Redio.

— La serikali, alisema Stempu. Nafikiri. Au lilikuwa la posta.

— Ni mali ya umma, alisema Digrii. Public property.

— Mimi lilinikuta, alisema Shangazi. Hapana. Mimi ndiye niliyelikuta.

— Ndiyo, alisema mwanamke, akiendelea kusimama, maana alikuwa amelelewa. Lakini nani ndiye wa kunikaribisha?

Watu wazima, waliokuwa wameipangia dunia rais, mpaka na riba, walikaa juu ya mbao ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Fundi ndiye aliyesimama kwanza. Stempu akafuata, kisha Redio. Digrii alitoka mwisho, akiacha umbo lake. Mwanamke akashukuru, akakaa, akanyoosha miguu, akaegemea, na macho yakamfumba palepale.

Fundi hakuwahi kuliona benchi lile likiwa tupu. Siku zote alikuwa juu yake. Sasa aliona mbao mbili ndefu, pana, nene, zisizo na ufa. Aliona ya tatu, ya kuegemea, rangi ile ile. Aliona miguu iliyoungana kwa vipande imara vya kukingama. Kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye ukingo. Mkono wake ulikuwa umeijua mbao hii miaka yote, kichwa tu ndicho kilichochelewa. Aliukadiria urefu kwa jicho, toka kizingiti hadi juu.

— Jamani, alisema. Nawaomba.

— Unatuomba nini? aliuliza Redio.

Fundi aliweka kiganja juu ya mbao ya kuegemea. Akaupima upana wake kwa shubiri, kama anavyopima mlango.

— Hapana, alisema Digrii.

Mawingu yaliganda.

— Hapana, mzee wangu, hapana! Kwa nini sisi? Waliobeba mlango waurudishe! Kila kitu sisi. Kiberiti sisi, sukari sisi, mafuriko ya watu sisi. Mlango mmoja tuulipie mara mbili?

— Mara mbili, alisema Fundi.

— Na benchi juu yake!

— Na benchi juu yake.

— Mimi nitakaa wapi? Sauti ya Digrii ilivunjika kidogo, na hasira ikaonekana ilivyokuwa imefunika kitu kingine. Hii ni ofisi yangu. Nyie mna banda lenu la kinyozi, mna pensheni yenu. Mimi nina hapa. Nikitoka asubuhi nyumbani kwa dada nikamwambia nakwenda, huwa nakuja hapa.

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe kilichovunjika mkono ili ampe Digrii, na birika likatoa tone, likatoa jingine, likaishiwa. Alilitikisa, likalia kama lina mchanga.

— Najua, mwanangu, alisema Fundi. Ndiyo maana nakuomba. Lile lori halikuniomba. Ukisema hapana, nitaondoka, na kesho tutakaa hapa hapa.

Digrii alikitazama kikombe kitupu. Alikuwa amekitaka kitu hiki maisha yake yote ya utu uzima, mtu aje amuulize. Na sasa ameulizwa, na swali lina uzito wa benchi.

— Mlango wa nini? aliuliza mwanamke bila kufungua macho.

— Wa chumba cha kuzalia, alisema Shangazi. Huko uendako.

— Ahaa. Akavuta sweta lake likafunika tumbo.

— Na hakuna atakayetupigia makofi, alisema Digrii, kwa sauti ya chini, kama anayekagua mkataba mara ya mwisho.

Mwanamke aliyelala alitoa mikono chini ya sweta, akapiga makofi, mepesi, mawili matatu.

— Mimi nina mazoezi, alisema.

Digrii aliikunja bahasha yake, akaitia mfukoni. Mgeni alipoinuka, walimsindikiza kwa macho mpaka ukungu ukammeza na mlima wake, na Digrii akaenda upande mzito wa benchi.

— Shika huko, alimwambia Redio. Na usihutubie njiani.

Walilibeba miguu juu, wanne, na Shangazi nyuma na kigoda chake. Kwenye ule weupe watu wa njiani walidhani ni jeneza; wakasimama, wakavua kofia.

Karakanani kwa Fundi mbao zilinukia walipozikata, harufu ya kitu kilichokuwa kimelala. Upande mmoja aliupiga randa mpaka ukateleza kama shavu. Alipogeuza upande wa pili, uliokaliwa, aliona mapete: mamia ya mapete meusi ya vikombe vya kahawa, yakipandana, na mahali pa Digrii pamebonyea. Alinyanyua randa, akaiweka juu ya pete la kwanza. Kidole gumba kikasita. Mlango uliopita ulikuwa mzuri mno, na uzuri ndio ulioutia namba.

Akaiweka randa kando, mapete yakabaki. Ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Karani wa rangi nyeupe alikuja kesho yake, brashi mkononi, akausimamia mlango uliokwishafungwa bawaba, akautazama juu mpaka chini, mapete, mikwaruzo, bonde la matako ya mtu.

— Huu hata namba haustahili, alisema, akaenda zake.

Binti alikuja asubuhi iliyofuata, ameshika mkono wa mama yake, jasho usoni. Mbele ya foleni yote alisimama, akaufunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena, akausukuma kwa bega. Halafu akaingia, mama yake nyuma, na nesi. Fundi alifuata na beseni la nguo, na mlango ukafungwa usoni pake, karibu umng'ate pua.

Alibaki pale, paji la uso likigusa pete la kikombe. Mbao ilinuka kahawa. Kutoka chini kwenye kona, ambako mawingu yalikuwa yameanza kupanda, aliwasikia wenzake wakinywa kwa kusimama, kama watu wa foleni isiyo na dirisha.

— Sasa benchi letu ataleta nani? Hiyo ilikuwa sauti ya Redio.

— Nchi rafiki, alijibu Digrii.

Ndani kulikuwa kimya, kisha sauti ya binti, kisha kimya. Watu wa foleni waliitazama mbao, na mbao haikuwaonyesha kitu. Fundi alinyanyua kidole, akabisha, kidogo tu. Ko, ko.

— Hodi, alisema.

— Nani huyo? mkewe alifoka kutoka ndani. Baba watoto, subiri nje!

Akasubiri nje.